Kabla ya kubadilisha kofakta, jua inavunjikia wapi

AdoMet (S-adenosilimethionini) ni kofakta, yaani molekuli saidizi, ambayo kimeng'enya huitumia kupachika kundi la methili kwenye DNA. Anayeunda kofakta mbadala yake, yenye mnyororo wa alama kwenye salfa badala ya methili, hukimbilia kubadilisha molekuli. Pima kwanza. Weka kofakta ya 200 µM kwenye bafa utakayotumia, bila kimeng'enya, nyuzi 37. Chota sampuli dakika ya 0, 30, 60, 120 na 240. Kila moja ishushe hadi pH 3 hivi kwa asidi ya fomiki, iweke kwenye barafu, kisha ipitishe kwenye HPLC, mashine inayotenganisha molekuli, ukisoma mwanga wa nanomita 260.

Adenini ikijitokeza, besi imeng'oka kwenye ribosi. Ukiona tioadenosini yenye mnyororo wako, kaboksili imejikunja na kufunga pete iitwayo laktoni. Ukiona AdoHcy, yaani kofakta iliyobaki bila mnyororo, maji yameunyakua mnyororo. Hili ndilo baya zaidi: AdoHcy hukalia nafasi ya kofakta ndani ya kimeng'enya, kwa hiyo unapoteza kofakta na kazi inazuiwa papo hapo.

Laktoni hupungua kaboksili ikibadilishwa kuwa tetrazoli, kundi linaloiiga, na adenini hushika zaidi nitrojeni ya nafasi ya 7 ikiwa kaboni. Lakini si kila kimeng'enya hukubali mabadiliko hayo, basi badilisha kimoja tu kwa wakati.

Mnyororo nao una masharti yake. Bila kifungo mara mbili au mara tatu karibu na salfa, uhamisho huwa wa polepole mno. Mnyororo mfupi wa propargili, wenye kifungo mara tatu, hata hivyo, huharibika haraka kwenye pH ya kawaida kwa sababu maji hujiunga na kifungo mara tatu. Weka seleni badala ya salfa, au peleka kifungo mara tatu (alkaini ya mwisho) mbali zaidi na salfa kwa mnyororo wa pent-2-eni-4-aini.

Ukiipachikia AdoHcy mnyororo kwa kemia utapata epima mbili, yaani maumbo mawili yanayotofautiana kwa mpangilio kwenye salfa tu, takriban nusu kwa nusu, na kimeng'enya hutumia moja tu. Zitenganishe, au piga hesabu kwa iliyo hai. Hifadhi kwenye asidi hafifu, nyuzi hasi 80, katika vichupa vya matumizi ya mara moja.

Jaribu kwa M.TaqI, kimeng'enya kinachopachika alama kwenye mfuatano wa DNA TCGA, halafu kata DNA kwa R.TaqI, kimeng'enya kinachokata mfuatano huo huo, nyuzi 65: iliyopata alama kwenye TCGA haikatiki. Usikose kufanya pia kipimo cha kulinganishia kisicho na kofakta. DNA ikilindwa hata hapo, M.TaqI imekuja na AdoMet ya bakteria. Imalize AdoMet hiyo kwa kukipa kimeng'enya DNA fupi yenye TCGA, kisha kisafishe kimeng'enya upya.