Maswali ya Wasomaji: Kutoka uwanja wa mbio hadi kiti cha mkuu wa chuo

*SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika chuo cha ualimu, nina diploma na cheti cha ukocha. Nasikia kocha aliyewanoa wanariadha Julius Sang na Robert Ouko huko Marekani baadaye alikiongoza chuo kikuu chenyewe. Alipandaje, na mtu kama mimi aanzie wapi?*
Msomaji, Eldoret

JIBU: Huyo ni LeRoy Walker wa Chuo Kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham. Sang na Ouko walisoma pale. Mwaka 1972 katika Olimpiki ya Munich, wao pamoja na Charles Asati na Hezahiah Nyamau waliipa Kenya dhahabu ya mita 400 mara 4 kupokezana vijiti, kwa dakika 2 na sekunde 59.8. Kabla yao Walker alimnoa Lee Calhoun, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi mwaka 1956 na 1960.

Lakini medali pekee zisingempa ofisi. Walker alifika Durham mwaka 1945 akiwa tayari na shahada ya uzamili ya Columbia. Alifundisha darasani, akaongoza idara ya elimu ya viungo, na mwaka 1957, huku timu ikiendelea kushinda, akapata PhD ya New York University. Akawa msaidizi wa chansela, yaani mkuu wa chuo hicho, na mwaka 1983 akakabidhiwa chuo chenyewe akiwa chansela.

Kwako wewe, shahada ya kwanza ni takriban miaka 4 (diploma yaweza kupunguza muda; uliza kabla ya kujisajili), uzamili 2, PhD isiyopungua 3. Usingoje kustaafu ukocha. Anza leo daftari la mazoezi: tarehe, umbali, muda wa kila mzunguko na, zaidi ya yote, mapumziko. Mita 400 mara 6 kwa sekunde 60 ukipumzika dakika 1 si zoezi moja na lile la kupumzika dakika 3; daftari lisiloandika mapumziko halifai kwa utafiti. Likikusaidia kupata swali la tasnifu, pata kibali cha maadili ya utafiti na ridhaa ya maandishi ya wanariadha kabla ya kukusanya data yenyewe, la sivyo huenda ikakataliwa.

Jambo la pili ni fedha, na hapa makocha wazuri wengi hukwama. Omba kuandika mwenyewe bajeti ya timu: nauli, malazi, chakula, ada za mashindano. Kila safari ikiisha, funga mapema hesabu ya masurufu (fedha za safari ulizokabidhiwa) pamoja na stakabadhi zake. Mwenye masurufu ya mwaka jana yasiyofungwa hapewi idara, hata awe na mabingwa wangapi.

*SWALI: Chansela wa Marekani ni sawa na Mkuu wa Chuo wetu?*
Msomaji, Dodoma

JIBU: Si lazima. Katika North Carolina, vyuo vikuu 16 vya umma viliunganishwa chini ya mfumo mmoja mwaka 1972, na chansela ndiye anayeendesha chuo kila siku: bajeti, ajira, taaluma. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Makamu Mkuu wa Chuo, au naibu chansela kwa Kenya. Mkuu wa Chuo huonekana zaidi kwenye mahafali. Kwa hiyo Walker, hadi alipoondoka mwaka 1986, alikuwa mtendaji kamili. Mwaka 1992 akawa rais wa kamati ya Olimpiki ya Marekani, hadi 1996, mwaka ambao michezo ilifanyika Atlanta, mji aliozaliwa.