Kabla hujanunua gemu ndogo, uliza inakuuaje

Watu wengi hununua gemu ndogo kwa sababu picha zake zinapendeza. Picha utazizoea ndani ya nusu saa. Kufa utakufa kila siku. Gemu za zamani, na hizi mpya zinazotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, zinaua ovyo kuliko zile kubwa za mpira na za vita, kwa hiyo mimi swali langu la kwanza ni moja tu: nikifa humu, nini kinafuata?

Chukua Contra, gemu ya zamani ya kukimbia na kupiga risasi. Waliokulia kwenye zile mashine za bei poa, zenye kaseti iliyoandikwa mamia ya gemu (ukikagua unakuta ni zilezile zimebadilishwa majina), wanaijua vizuri. Unapewa roho tatu, yaani nafasi tatu za kufa, na risasi moja inatosha kukuua. Ndiyo maana ile siri ya vitufe ilisambaa mdomo kwa mdomo: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, halafu roho zinakuwa 30. Icheze hivyohivyo, wala usione aibu. Kwa roho tatu utaishia kuijua steji ya kwanza peke yake, ilhali utamu uko mbele, hasa kwenye maporomoko ya maji. Pale, mkicheza wawili, skrini inapanda juu pamoja nanyi. Ukikimbilia juu, mwenzako aliyechelewa anaachwa chini na anakufa bila kuguswa na adui yeyote. Nimeona watu wakinuniana kwa ajili ya pale.

Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni kali pia, lakini ina adabu. Gemu nzima ina kilobaiti 40 hivi, yaani picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi, na mawingu yake ni vichaka vilevile vilivyopakwa rangi nyingine. Adui wa kwanza anakujia mara tu unapoanza kutembea. Akikuua, hujapoteza chochote, na umeshajua kwamba unatakiwa kuruka. Haihifadhi ulipofika, ila ikishaandika kwamba gemu imekwisha na skrini ya kuanzia ikarudi, shikilia A kisha ubonyeze Start: utaanzia kwenye dunia uliyofia badala ya kurudi mwanzo kabisa.

Sasa Celeste, ambayo ndiyo ninayompa mtu yeyote anayeniuliza aanzie wapi. Maddy Thorson na Noel Berry walianza na kigemu kidogo walichokitengeneza kwa siku nne mwaka 2015, na hiki tunachokijua kikatoka 2018. Msichana anaitwa Madeline, anapanda mlima. Basi. Gemu imegawanywa vyumba vifupi, vingi vinaenea kwenye skrini moja, na ukifa unarudi mlangoni mwa chumba kabla hujapata muda wa kukasirika. Unaweza kufa mara nyingi sana kwenye chumba kimoja na bado usichoke, kwa sababu kila unachorudia ni kile hasa ulichokosea, si dakika kumi za njia uliyokwisha kuimaliza.

Halafu kuna upendeleo wa siri. Ukikimbia hadi ukingoni, mguu ukaacha ardhi, ukabonyeza kuruka ukiwa umechelewa kidogo tu, gemu inakukubalia. Hutaiona kwa macho. Vidole ndivyo vinavyoihisi, unabaki kusema tu kwamba gemu hii "inashikika". Zipo gemu nyingi za kuruka zilizonakili picha na muziki wa aina hii zikasahau jambo hilo, na dakika tano za mwanzo zinatosha kuzitambua.

Ikikushinda, kuna sehemu ya msaada: unaweza kupunguza kasi, au hata kujifanya usife kabisa. Itumie. Stroberi zilizotapakaa njiani ziache, gemu yenyewe inakuambia hazina kazi zaidi ya kuwatambia marafiki. Na usilipe kwanza. Kile kigemu cha mwanzo bado kinachezwa bure kwenye kivinjari, ukikipenda ndipo ufikirie kununua kikubwa.

Bure kuna nyingine mbili ambazo sioni sababu ya mtu mwenye kompyuta ya Windows kuzikosa, hata kama mashine ni ya kizamani: Cave Story, ambayo Daisuke Amaya aliitengeneza peke yake kwa takriban miaka mitano akaigawa bila malipo mwaka 2004, na toleo la kwanza la Spelunky la Derek Yu, la 2008. Spelunky haina huruma hata kidogo. Ukifa unarudi mwanzo, na mapango yamepangwa upya, kwa hiyo kukariri hakukusaidii. Unachobaki nacho ni akili: kwamba mtego wa mshale unaweza kuufyatua kwa kurusha jiwe mbele yake, na kwamba ukimwibia mwenye duka, yule bwana ana bunduki na hasahau. Vifo vyangu vingi humo nimevicheka.

Kwenye simu, Downwell. Unaanguka kisimani ukiwa na viatu vinavyopiga risasi kuelekea chini, vitufe ni vitatu, na risasi zinajaa tena ukikanyaga ardhi au ukimkanyaga adui. Inafaa sana kwenye foleni.

Hollow Knight, gemu ya kuzurura na kupigana, inasifiwa kila kona, na sifa zake nyingi ni za haki. Lakini kama unacheza ukishatoka kazini, usianze nayo. Ukifa, pesa zako zinabaki na kivuli pale ulipofia, nawe unarudishwa kwenye benchi la mwisho ulilokalia (mabenchi ndiyo sehemu za kuhifadhi ulipofika), ambalo mara nyingine liko mbali. Ukifa tena kabla hujakifikia kivuli, pesa zimekwenda. Kule kutembea kurudi ulipofia kunamaliza jioni.

Stardew Valley ya Eric Barone, gemu ya kulima shamba, ni kinyume chake, kufa ni nadra, ila kwetu kuna adui mwingine: umeme. Kwenye kompyuta, gemu hii inahifadhi pale tu unapolala. Siku moja ya humo ni kama dakika 14, kwa hiyo umeme ukikatika jioni ya mle ndani, mavuno yote ya siku hiyo yanarudi shambani. Ukiona taa zinachezacheza, nenda kalale, hata kama ni saa tano asubuhi ya gemu.

Ukinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 ilimradi hujacheza zaidi ya saa mbili, kwa hiyo acha kusoma menyu, nenda ukafe kwanza. Ukichomeka kwenye TV bapa, tafuta mpangilio wa gemu (Game Mode) kwenye menyu ya TV uuwashe, maana bila huo unabonyeza sasa na mtu anaruka baadaye, kisha lawama unampa Mario. Na ukikuta mtu anauza bastola ya zamani ya kupigia bata wa Duck Hunt, usitoe hela kama nyumbani huna TV ya kichogo. Bastola ile inategemea namna kioo cha zamani kilivyokuwa kikichora picha, na kwenye TV bapa haitapata bata hata mmoja.