Ramani ya zamani iliyoskaniwa kukaa mita 300 pembeni ya barabara za OpenStreetMap

Umeuliza kwa nini ramani yako ya zamani ya Morogoro inakaa mita 300 pembeni ya barabara za OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) ukiifungua kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta. Tatizo ni datumu, yaani msingi wa vipimo ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake, wala si QGIS. Karatasi za zamani za 1:50,000 za Tanzania zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960, ilhali data ya OpenStreetMap iko kwenye WGS 84, datumu inayotumiwa na GPS. Ukisoma namba za gridi ya karatasi kana kwamba ni za WGS 84, ramani yote inasogea karibu mita 300, hasa kuelekea kaskazini. Ndiyo maana mto wako wa Morogoro umepanda juu ya nyumba za watu.

Dawa: kwenye Georeferencer (sehemu ya QGIS ya kuipa picha ya ramani mahali pake), andika namba za gridi kama zilivyo kwenye karatasi na chagua mfumo wenye namba EPSG:21037 (Arc 1960, kanda 37 kusini ya UTM, gridi inayogawa dunia kwa kanda), si 32737, ambayo ni kanda hiyohiyo kwa WGS 84. Halafu acha QGIS ibadilishe yenyewe. Usiiburute ramani kwa mkono, maana kwenye karatasi ya jirani utaanza upya.

Kanda 37 inaanzia longitudo 36 mashariki. Dar, Tanga, Morogoro na Arusha zimo. Dodoma na Mwanza ziko kanda 36, kwa hiyo huko ni 21036. Soma pambizo la karatasi kwanza, datumu na kanda zimeandikwa hapo.

Ikibaki tofauti ya mita kumi hivi, usihangaike sana: karatasi hujikunja na kutanuka, na hata barabara za OpenStreetMap zimechorwa na watu juu ya picha za setilaiti ambazo nazo huwa zimehama kidogo. Linganisha na njia ya GPS uliyoirekodi mwenyewe.