Bustani ya kumbukumbu haifufuliwi kwa rangi

Ukitaka kufufua bustani ya kumbukumbu iliyochakaa, usianze na ndoo ya rangi. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo ambalo karibu kila mtu hulitaka kwanza: mnara upakwe, ukuta ung'ae, mgeni rasmi akija apige picha. Mimi ni mkazi wa Tabora, na nimekuwa kwenye kamati ya mtaa wetu iliyoirudisha bustani ndogo yenye mnara, mahali palipokuwa pamegeuka jalala na njia ya mkato ya bodaboda. Kilichoirudisha ni watu kuwa tena na shughuli pale. Rangi ilikuja mwisho kabisa.

Swali la kuanzia ni hili: nani yuko pale kila siku? Sisi tulikuta wazee wa bao, muuza kahawa, na wanafunzi wanaopumzika wakitoka shule. Kikao cha kwanza tukakifanyia hapohapo chini ya mwembe, saa kumi jioni, badala ya kuwaita ofisini. Muuza kahawa aliomba jambo moja tu: ahakikishiwe kwamba ukarabati ukiisha hatafukuzwa. Tuliliandika kwenye muhtasari, mwenyekiti wa mtaa akatia saini. Tangu hapo huyo kijana ndiye anayejua benchi lipi limelegea na nani kaja kumwaga taka usiku. Msijenge uzio wa kuwaondoa watu wa namna hii kwa jina la usafi. Bustani isiyokaliwa na watu mchana haina ulinzi, hata mkiajiri mlinzi.

Mambo ya vibali ni mafupi lakini hayarukwi. Anzeni kwa mtendaji wa mtaa, kisha manispaa, mpate barua na mwonyeshwe mipaka ya kiwanja. Kama mnara au jengo ni la kale, ulizeni kwanza kwa wahusika wa mambo ya kale kabla ya kugusa hata tofali moja. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964 na ilifanyiwa marekebisho mwaka 1979. Mahali kama Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, alikokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872 baada ya kuagana na mwenzake Stanley, hapaendwi na mwiko na mfuko wa saruji, hata kama nia ni njema.

Na hiyo saruji niizungumzie kidogo, maana imeharibu kumbukumbu nyingi kuliko mvua. Kuta za zamani zilijengwa kwa udongo au chokaa, na hupitisha unyevu: maji yanaingia, jua likiwaka yanatoka. Ukizipiga lipu ya saruji unyevu unakosa njia, unabaki ndani ya tofali. Fundi wetu alipobandua lipu ngumu iliyopigwa miaka ya karibuni, tofali la nyuma yake lilikuwa limekuwa unga mwekundu. Ulilichota kwa kijiko. Dawa yake ni chokaa iliyolowekwa majini kwa majuma, kiasi kimoja kwa mchanga safi viasi vitatu, ipigwe kwa tabaka jembamba, halafu ifunikwe kwa magunia mabichi ili isikauke haraka. Kwa jua la Tabora la Septemba, magunia hayo yanahitaji kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Ni kazi ya polepole, na fundi asiye na subira msimpe.

Maandishi ya mnara yanataka uangalifu zaidi. Msitumie brashi ya waya, msasa wala tindikali. Maji matupu na brashi laini vinatosha, na kabla ya hapo pigeni picha kila upande. Herufi zilizofifia husomeka vizuri jua linapokuwa chini, kama saa kumi na moja jioni, kwa sababu mwanga unapita ubavuni na kila mkwaruzo unatoa kivuli chake. Kama bado hamsomi, nendeni usiku na tochi, mmoja aishike pembeni kabisa ya jiwe huku mwingine akiandika. Sisi tulipata mstari mzima kwa njia hiyo, mstari ambao watu wazima wa mtaa walikuwa wanaapa kwamba haupo. Usomeni na muunakili kwanza. Hamu ya kuzijaza herufi rangi nyeusi isubiri, maana herufi ikijazwa vibaya mnakuwa mmeandika neno jingine juu ya kumbukumbu ya watu.

Sasa hapa ndipo moyo wangu ulipo. Bustani ya kumbukumbu inamkumbuka nani? Tabora ina historia nzito kuliko mawe yaliyosimamishwa. Mtemi Isike wa Unyanyembe alikataa kuwasujudia Wajerumani akafia kwenye ngome yake mwaka 1893. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mji huu. Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, walikutana hapa wakabishana juu ya ile kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia, wakafikia Uamuzi wa Busara, yaani kukubali kushiriki uchaguzi huo. Hayo yanajulikana. Lakini misafara yote iliyopita hapa kwenda Ujiji au kurudi Bagamoyo ilitembea kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na vita vya 1914 hadi 1918 navyo viliwachukua watu wetu kubeba mizigo ya majeshi. Majina yao hayapo kwenye jiwe lolote ninalolijua mjini.

Kwa hiyo shughuli ya kwanza tuliyoipanga ilikuwa ya kuuliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu hutoka kufanya usafi, baada ya kufagia tunakaa. Wanafunzi wanakuja na daftari, wanawauliza wazee: katika ukoo wenu nani alisafiri na mzigo, alitoka wapi, alirudi? Bibi mmoja alitaja jina la babu yake mzaa mama, akaeleza alivyoondoka na hakurudi, na jinsi mkewe alivyoendelea kumwekea chakula. Binti aliyekuwa anaandika aliacha kuandika akamshika mkono. Kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu, fanyeni hilo, na mfanye mwaka huu. Jiwe litasubiri, bibi hawezi.

Shughuli nyingine zifuate kalenda ambayo watu tayari wanayo. Siku ya Mashujaa, Julai 25, huku kwetu ni kiangazi, jioni kuna baridi nzuri, na watu wanakaa muda mrefu. Ngoma iwepo, lakini dua na sala zitangulie, shehe na mchungaji wote waalikwe. Vijana wa drafti na bao wapewe mashindano yao, washindi wapate debe la asali au hata kilo za mchele. Muziki mkubwa wa spika msiuruhusu karibu na mnara. Kuna viwanja vya hayo.

Miti: msikate miembe ya zamani kwa sababu inaangusha majani. Kateni matawi makavu kabla ya mvua, mkomeshe kuchoma taka kwenye mashina, na majani yaliyofagiwa yarudishwe chini ya mti. Miche ipandwe mvua zikishika, Novemba au Desemba, kwa sababu kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni haba sana. Mabenchi yawe ya mninga, na miguu ikae juu ya zege, mchwa wasiifikie.

Fedha zitaleta maneno, hilo lijueni. Kila mchango uandikwe kwenye daftari moja, mtunza hazina asiwe ndiye mnunuzi, na hesabu zisomwe kwa sauti palepale bustanini, hata kama ni elfu tano ya mifagio. Anayechangia nguvu zake badala ya pesa aandikwe pia, kwa jina na kazi aliyofanya. Daftari la pili, lile la wanafunzi lenye majina ya wapagazi, linakiliwe na nakala iwekwe shuleni, maana la kwetu tayari limeanza kuchakaa pembe kwa kushikwa.