Kuilinda Familia na Jua Ndani ya Boti: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni baba wa watoto watatu, wa kwanza ana miaka 12, wa pili miaka 5 na wa mwisho ni mchanga wa miezi 4. Hivi karibuni mimi na mke wangu tuliwachukua wale wakubwa wawili, tukazunguka ziwani kwa boti ndogo kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Siku ilikuwa ya mawingu mepesi na upepo mwanana, boti ina turubai la kivuli, na kabla ya kuondoka sote tulijipaka mafuta ya kukinga jua yenye SPF 50 (SPF ni namba ya nguvu ya mafuta ya kuzuia jua). Hata hivyo, jioni yule wa miaka 5 alikuwa ameungua pua, chini ya kidevu na sehemu ya juu ya miguu, nami nimeungua shingo na mikono. Tulikosea wapi? Na je, safari ijayo tunaweza kwenda na huyu mchanga?

Jibu: Ndugu msomaji, poleni. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu inaonyesha jinsi familia yenye uangalifu inavyoweza kuungua bila kuzembea. Mliupima ukali wa jua kwa joto mlilolisikia, na juu ya maji joto si kipimo cha kutegemewa.

Mionzi inayounguza ngozi ni ile ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni na ngozi haiihisi mpaka saa kadhaa baadaye, madhara yakiwa yamekwisha kutokea. Upepo wa majini hukausha jasho na kuupoza mwili, basi mtu hukaa juani kwa raha muda ambao nchi kavu asingeuvumilia. Mawingu nayo huwapumbaza wengi: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mionzi hiyo yaweza kupenya mawingu mepesi. Shirika hilohilo linasema kuwa asilimia 60 hivi ya mionzi ya siku nzima hutufikia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, nanyi muda wote huo mlikuwa majini. Kama ningeweza kubadilisha jambo moja tu katika safari yenu, ningebadilisha saa zake. Ningewaondoa alfajiri na kuwarudisha kabla jua halijapanda, au ningewatoa alasiri ikianza kupoa. Anayetaka kipimo kisichohitaji saa wala kifaa na atazame kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua liko juu vya kutosha kuunguza upesi.

Sasa nije kwenye turubai. Wengi huamini kuwa mtu huunguzwa na maji yanayorudisha mwanga kama kioo. Ukweli huo upo, lakini ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, kwa kuwa maji hurudisha chini ya asilimia 10 ya mionzi ya urujuanimno, na povu la mawimbi kama asilimia 25. Mwanga huo ulichangia kukiunguza kidevu cha mwanao, maana hutoka chini, ambako kofia haina la kufanya. Lakini mionzi mingi zaidi ilitoka angani. Hewa huitawanya mionzi ya urujuanimno kila upande, hivi kwamba sehemu kubwa ya ile inayomfikia mtu haitoki moja kwa moja kwenye jua bali katika anga lote. Nchi kavu, miti na kuta hulificha anga hilo. Majini liko wazi mpaka upeo wa macho. Keti mwenyewe pale unapowakalisha watoto, kisha tazama huku na huku: ukiliona anga pana pande zote, ujue kwamba turubai limewapunguzia jua tu, halijawakinga. Tungika pazia la kitambaa kizito upande wa jua, mradi lisimzibe macho anayeendesha, na boti inapogeuka uwahamishe watoto, kwa sababu kivuli nacho kimehama.

Baada ya saa na kivuli, kinga ninayoiamini kuliko zote ni nguo. Nguo haihitaji kupakwa upya wala haiishi nguvu mchana. Hata hivyo si kila nguo inafaa: fulana nyeupe ya pamba nyepesi huzuia mionzi kwa kiasi kidogo, na ikilowa huzuia kidogo zaidi, nayo ndiyo wanayovaa watoto wengi botini. Inyanyue nguo uitazame kuelekea mwanga. Ukiuona mwanga unapita kati ya nyuzi, mionzi nayo inapita. Tafuta fulana za kuogelea za mikono mirefu, zilizofumwa kwa kubana, hasa zenye alama ya UPF 50, ambayo maana yake ni kwamba hazipitishi zaidi ya sehemu 1 kati ya 50 ya mionzi. Suruali iwe ndefu, na miguu ivalishwe viatu vya majini vilivyofunika juu, maana sehemu ya juu ya miguu husahauliwa na karibu kila mtu. Kofia iwe na ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi pande zote, pamoja na kamba ya kidevuni ili upepo usiichukue. Kofia ya kapelo huacha masikio na kisogo wazi. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe juu ya nguo hizo, wala lisivuliwe kwa kisingizio cha joto.

Mafuta ni ya sehemu zilizobaki wazi: uso, masikio, shingo na migongo ya mikono. SPF 50 mliyotumia ni nzuri, lakini tofauti kati ya namba hizi ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa SPF 30 huzuia kama asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile aina ya urujuanimno inayounguza zaidi ngozi, na SPF 50 kama asilimia 98. Kinachoamua zaidi ni wingi wa mafuta na kurudia. Namba iliyoandikwa kwenye chupa ilipatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 katika kila sentimita moja ya mraba ya ngozi, ilhali wengi wetu hupaka nusu ya hapo au pungufu. Mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea tu huhitaji kama mililita 30 kwa mwili mzima, yaani vijiko 6 vya chai, kisha arudie kila baada ya saa 2, na pia kila atokapo majini au ajifutapo kwa taulo. Piga hesabu: watu wazima wawili wakijipaka mara 3 katika siku moja watatumia mililita 180, karibu chupa nzima ya mililita 200, na watoto bado hawajapakwa. Ninyi mlijipaka mara moja kwa safari ya saa 6.

Mafuta yapakwe nchi kavu, dakika 20 hivi kabla ya kupanda, kwa sababu mikono yenye mafuta huteleza kwenye kamba na nyayo zenye mafuta huteleza sakafuni. Yaliyo katika kopo la kupulizia sipendi yatumike botini. Upepo huyachukua mengi kabla hayajafika mwilini, mtoto huyavuta puani, na mengi ya makopo hayo hushika moto kwa urahisi, jambo la hatari karibu na injini. Kagueni pia mahali ambapo mikanda ya jaketi husugua shingo na mabega, kwani mafuta hufutika hapo mapema. Chupa ifungwe ndani ya taulo na kuwekwa kivulini, maana joto kali huyaharibu mafuta kabla ya tarehe yake kufika.

Kuhusu kuungua kwako wewe, nadhani ndiye uliyeshika usukani. Nahodha wa familia huwapangia wengine kivuli, naye habanduki alipo, mikono yake imeelekea jua na kichwa chake kimeinuka kuitazama njia. Vaa glavu nyepesi zisizo na vidole na shati lenye kola ya kusimama, na mpokezane usukani na mama watoto ikiwa naye anajua kuendesha.

Kuhusu huyu mchanga wa miezi 4, nakuomba kwa moyo wote umwache nchi kavu kivulini na mtu mnayemwamini. Watoto walio chini ya miezi 6 wana ngozi nyembamba sana, na miili yao bado haijaweza kujipoza vizuri kwa jasho. Ndiyo sababu madaktari hushauri wakingwe kwa kivuli na nguo kuliko kutegemea mafuta. Botini kivuli si cha uhakika, na kumfunika kwa blanketi au kanga nzito huhifadhi joto na kumzidishia hatari. Tena ni vigumu kupata jaketi la kuokolea maisha linalomkaa vyema mtoto wa umri huo, na kumfunga mgongoni au kifuani botini ni hatari, maana boti ikipinduka mtazama pamoja. Mtakwenda naye akikua.

Swali: Shikamoo Mhariri. Sisi katika familia yetu ni weusi, na kaka yangu anasema kwamba mafuta ya kukinga jua ni ya watu weupe. Mdogo wetu mmoja ana ualbino, naye anapenda sana safari za boti. Kuna ukweli gani?

Jibu: Marahaba, binti. Kaka yako ana sehemu ya ukweli, nami sitaki kuipuuza. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, iliyo nyingi katika ngozi nyeusi huzuia mionzi kwa kiasi kikubwa, na saratani za ngozi zinazotokana na jua ni chache mno kwa watu weusi kuliko kwa weupe. Lakini kinga hiyo haimfikishi mtu mwisho wa siku nzima majini. Ngozi nyeusi nayo huungua, ila wekundu hauonekani kwa urahisi. Mtu huhisi moto, ngozi kuvuta na maumivu anapoguswa, kisha baada ya siku chache hubabuka. Jua pia hukoleza madoa meusi usoni. Juu ya yote hayo, melanini ya ngozi haiyakingi macho. Kwa hiyo kofia, nguo, kivuli na miwani ni vya kila mmoja wenu, na mafuta mpake kwenye sehemu zilizo wazi. Wanaochukizwa na weupe unaobaki usoni watafute yaliyotiwa rangi ya ngozi.

Kwa mdogo wenu, mambo ni tofauti kabisa. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana, ngozi yake huweza kuungua katika dakika chache, na hatari yake ya kupata saratani ya ngozi ni kubwa tangu ujana. Sisemi anyimwe boti anayoipenda. Nasema safari ipangwe kwa kumfuata yeye: iwe ya asubuhi na mapema au ya jioni, iwe fupi, avae nguo zinazomfunika mpaka vifundoni na glavu, mafuta yenye SPF 50 apakwe uso, masikio, midomo na shingo, na awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kukumbuka saa ya kumpaka tena. Kidonda kisichopona au doa linalobadilika likionekana, apelekwe kwa daktari wa ngozi bila kusubiri.

Swali: Mhariri, mume wangu husema miwani yoyote myeusi inatosha botini. Tena mama mkwe wangu, mwenye miaka 70, anatumia vidonge vya shinikizo la damu. Je, vina uhusiano wowote na jua?

Jibu: Mama, weusi wa kioo hausemi lolote kuhusu mionzi. Miwani myeusi isiyozuia urujuanimno yaweza hata kudhuru, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na kuruhusu mionzi zaidi iingie. Tafuteni iliyoandikwa UV400, alama ya kwamba inazuia mionzi ya urujuanimno, na inayoziba hadi pembeni mwa macho. Vioo vya polaraidi hupunguza mng'ao wa maji na vinamfaa sana nahodha, lakini navyo vinunuliwe vikiwa na alama hiyo. Kwa miaka mingi jua huchangia mtoto wa jicho na ile nyama inayoota kuelekea mboni, ambayo huwapata sana watu wanaoshinda juani.

Vidonge, ndiyo, baadhi vina uhusiano. Haidroklorothiazaidi, inayotumiwa na wengi wenye shinikizo la damu, huifanya ngozi iungue kwa urahisi, na doksisaiklini, ambayo wasafiri huimeza kujikinga na malaria, hufanya hivyohivyo. Vidonge vya kuongeza mkojo humkausha mtu maji mapema. Mama mkwe asiache dawa hata siku moja kwa ajili ya safari. Amuulize daktari au mfamasia, akae mahali penye kivuli kizito kuliko pengine pote, na apewe maji mara kwa mara bila kungoja aseme ana kiu, kwani wazee wengi hawaisikii.

Swali: Tukiwa tumekwishaungua, na nchi kavu iko mbali, tufanye nini?

Jibu: Mwondoeni aliyeungua juani papo hapo, mfunikeni kwa nguo kavu iliyolegea, na mpozeni ngozi kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji baridi, si barafu. Anywe maji kwa wingi. Aloe vera au losheni laini isiyo na manukato hutuliza, na parasetamoli hupunguza maumivu. Aspirini asipewe mtoto. Malengelenge yasitumbuliwe. Kumbukeni kwamba wekundu na maumivu huzidi kati ya saa 12 na 24 baadaye, kwa hiyo anayesema "nimechomeka kidogo tu" adhuhuri asiruhusiwe kurudi juani.

Akianza kuchanganyikiwa, kutapika, kuyumba au kupoteza fahamu, hilo si la ngozi tena bali ni kiharusi cha joto, nalo huua. Mlazeni kivulini, mvueni jaketi na nguo za ziada huku mtu akimshika, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu kamili. Iteni msaada kwa redio au simu mara moja, na muigeuze boti kuelekea ufuko ulio karibu zaidi wenye njia ya kumfikisha hospitali.