Rangi ya manjano iliyobaki majini: alkaloidi za mjafari

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Mombasa. Nilitafuta alkaloidi (kemikali za mimea zenye nitrojeni) katika mjafari, mti wa dawa za kienyeji. Nilisaga gome la mizizi yake, nikaliloweka katika methanoli, nikayeyusha masalia yake katika asidi hidrokloriki ya asilimia 2, kisha nikaongeza amonia hadi pH 9 na kuyatikisa maji hayo na kloroformu ili izivute alkaloidi. Nimepata masalia machache mno, ilhali maji yamebaki ya manjano. Je, nimekosea wapi, na mti huu una alkaloidi za kupambana na saratani kweli?

Jibu: Kabla ya yote, nakuomba usiyamwage maji hayo, kwa kuwa huenda unachokitafuta kimo humo.

Njia uliyoifuata inafaa alkaloidi kama kwinini, ambayo nitrojeni yake hupokea protoni katika asidi na kuipoteza penye amonia, ndipo ikahamia kwenye kloroformu. Lakini gome la mizizi ya mjafari lina kelerithrini na nitidini, alkaloidi za manjano ambazo nitrojeni yake ina vifungo vinne na chaji chanya ya kudumu, hivyo amonia haina protoni ya kuondoa. Ni kweli kwamba pH ikipanda, sehemu yake hugeuka kuwa umbo lisilo na chaji na kuingia kwenye kloroformu. Hata hivyo, umbo hilo hushika kwa urahisi kiyeyushi kilicho karibu. Ndiyo maana ukitumia asetoni unaweza kutenga kitu kinachoonekana kuwa alkaloidi mpya, kumbe ni kelerithrini iliyobeba asetoni uliyoitia wewe mwenyewe, na methanoli nayo huweza kufanya vivyo hivyo. Nimeona furaha ya ugunduzi ikiisha pale picha ya NMR (kipimo kinachoonyesha muundo wa molekuli) inaposomwa kwa makini, na natamani usipitie hayo.

Rudisha maji kwenye pH 3, chukua matone machache na utie kitendanishi cha Dragendorff. Mashapo ya rangi ya machungwa yatakuashiria kwamba alkaloidi zimo, ingawa kitendanishi hicho peke yake si ushahidi kamili. Baadaye tikisa maji hayo na butanoli mara tatu au nne ili izivute alkaloidi, uvukize butanoli hiyo kwa shinikizo la chini bila joto kali, kisha kwenye bamba la silika, linalotenganisha kemikali kuwa madoa, tumia mchanganyiko wa butanoli, asidi asetiki na maji, maana kwa kloroformu pekee madoa yatabaki pale ulipoyadondosha. Yatazame chini ya mwanga wa urujuanimno (UV) wa 365 nm, ambako alkaloidi hizi hung'aa.

Kuhusu saratani, nitidini ilionyesha nguvu dhidi ya lukemia (saratani ya damu) katika panya wa maabara, lakini haijawa dawa hospitalini, tofauti na vinkristini, dawa ya saratani itokayo kwenye ule mmea wenye maua ya waridi na meupe tunaoupanda bustanini. Kelerithrini huua seli nyingi, zikiwemo zilizo nzima. Kwa hiyo pima seli za kawaida sambamba na za saratani, la sivyo takwimu zako zitakueleza sumu tu.

Hewa ya pwani huleta ukungu, hivyo kausha gome kivulini penye upepo, au kwenye oveni isiyozidi nyuzi 40 wakati wa masika. Tena usichimbe mizizi yote: chukua ya upande mmoja tu, kwa sababu mjafari ukinyang'anywa mizizi hukauka, na wagonjwa wanaoutegemea kwa mganga wao watautafuta kesho.