Mbona Adui Huvaa Zambarau? Maswali Yenu Kuhusu Mavazi ya Maadui wa Katuni

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zahusu vitabu vya katuni, na karibu zote zinamtaja adui badala ya staringi. Tumezichagua tano. Waliouliza tumewataja kwa mtaa wao wa Mombasa tu.

Swali: Joker adui wa Batman, Green Goblin na Mysterio maadui wa Spider-Man, hata Lex Luthor adui wa Superman katika deraya yake, wote kijani na zambarau. Hii ni sadfa au kuna mtu aliyepanga? (Mwanafunzi, Tudor)

Jibu: Hakuna aliyetoa amri, lakini sadfa si yote. Sababu kubwa imo katika uchapaji. Katuni za zamani za Marekani zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, ambayo ni rahisi, hufyonza wino na kuufifisha. Wino ulikuwa wa aina nne: samawati, waridi iliyokoza, manjano na mweusi. Kila mmoja kati ya zile tatu za rangi ulipigwa kwa kiwango maalumu: usiwepo kabisa, au uwe asilimia 25, 50 au 100. Zidisha 4 mara 4 mara 4, utapata michanganyiko 64. Mtia rangi alichagua humo humo.

Staringi ndiye aliyechagua kwanza. Superman alipotoka 1938 alivaa buluu, nyekundu na manjano, rangi zinazojitokeza hata karatasi ikiwa mbovu, na wengi waliomfuata wakashika njia hiyo. Adui akabakiwa na kijani, zambarau na rangi ya chungwa. Faida yake utaiona wanapokabana. Ndani ya kisanduku cha picha chenye upana wa vidole viwili, msomaji ajua ngumi ni ya nani bila kuona uso.

Ukizifuata tarehe utauona mtindo ukijengeka. Joker alianza 1940 akiwa na koti la zambarau na nywele za kijani. Riddler, adui mwingine wa Batman, alifuata 1948, kijani kitupu chenye alama za kuuliza. Mwaka 1964 Spider-Man, mwenye nyekundu na buluu, alikutana na Mysterio na Green Goblin, wote wawili wa kijani na zambarau, wote wawili wamechorwa na Steve Ditko. Luthor ndiye aliyechelewa: deraya yake ya rangi hizo ni ya 1983.

Wapo waliotoka nje ya mtindo. Magneto wa 1963, adui wa kundi la mashujaa la X-Men, ana nyekundu na zambarau. Naye Hulk, ambaye hatumhesabu adui, alikuwa wa kijivu katika toleo la kwanza la 1962. Mtambo ukashindwa kuishika kijivu hiyo, ukurasa huu imekoza, ule imepauka, basi toleo la pili akatoka wa kijani.

Hata hivyo rangi peke yake haimfanyi adui apendwe. Vazi la staringi lina kazi ya kututia imani, kwa hiyo linafungwa na heshima. Adui huvaa anachokitamani. Riddler amejiandika swali mwilini. Kraven, mwindaji, amevaa kizibao chenye uso wa simba. Doctor Doom, aliyechorwa na Jack Kirby 1962, ameficha uso ulioumia nyuma ya chuma na kujitandia joho la kijani kama mfalme. Kabla hajafungua kinywa umeshajua anataka nini. Kwa maoni yetu, adui ambaye vazi lake halisemi tamaa yake hadumu, hata apambwe vipi. Nawe ukitaka kushona lako, anza hapo: umbo moja, rangi mbili, tamaa moja. Mapambo yangoje.

Swali: Mwanangu wa miaka tisa hataki staringi hata mmoja. Siku ya sherehe shuleni ataka awe Magneto. Nimkataze? (Mama, Kisauni)

Jibu: Usimkataze, mama. Muulize kwanza kinachomvutia. Watoto wengi humpenda adui kwa kuwa yeye ndiye mwenye mpango, na staringi hungoja afanyiwe ndipo ajibu. Magneto hasa ana kisa kizito: vitabu vya tangu 1981 vinasema alikulia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na hasira yake yatoka huko. Mtoto anayeelewa mtu huyu amekosea wapi na ameonewa wapi anafikiri vizuri sana. Joho lake la zambarau litakula mita 1.8 za kitambaa kwa urefu wa sentimita 75 kutoka shingoni. Namna ya kulikata imo kwenye jibu linalofuata.

Swali: Mteja ataka joho la adui hadi kifundoni, zambarau nje na kijani ndani. La kwanza nililoshona pindo lilishuka pembeni, na mteja akalalamikia joto. Nimekosea wapi? (Fundi cherehani, Majengo)

Jibu: Ndugu fundi, makosa ni mawili na yanatibika.

Tuanze na vipimo. Joho linalotiririka vizuri ni nusu duara. Kwa mtu mzima mwenye shingo ya sentimita 40 na urefu wa sentimita 130, nunua mita 3 za kitambaa chenye upana wa 150. Kikunje katikati kiwe mraba wa 150 kwa 150. Shika kona iliyo kwenye mkunjo, funga chaki kwenye uzi, piga tao la kwanza la sentimita 13 kwa ajili ya shingo, kisha la pili la 143 kwa ajili ya pindo. Ukishika kona ya upande usio na mkunjo utapata vipande viwili badala ya kimoja, na mshono utapita katikati ya mgongo. Kitambaa chenye upana wa 115 hakitoshi kwa urefu huo. Hicho hutoa joho la sentimita 100 kwa mita 2.3, zaidi ya hapo uunge. Kwa yule mtoto wa Kisauni, piga matao ya sentimita 10 na 85.

Sasa pindo. Katika nusu duara kuna sehemu ambazo nyuzi zimekaa mshazari, na hizo huvutika kwa uzito wake zenyewe. Ukikunja pindo siku uliyokata, litashuka baadaye papo hapo penye mshazari. Kata, shona shingo, litundike usiku kucha kwenye henga imara, ndipo ulisawazishe. Pima kutoka sakafuni kwenda juu mteja akiwa amelivaa na viatu vyake. Usipime kutoka shingoni. Pindo liwe jembamba, sentimita 1, maana pana halikubali kupinda kwenye tao, hujikunyata.

Joto latokana na tabaka mbili. Mita 3 nje na mita 3 ndani ni blanketi, na wakati wa kaskazi hapa Mombasa hakuna atakayelivumilia zaidi ya saa moja. Acha bitana nzima. Weka kijani kama ukanda wa sentimita 25 kwenye kingo mbili za mbele, na ndani ya kola. Mita 1.5 za kijani zatosha zote. Mvaaji akigeuza ukingo kwa mkono, kijani hutokea, na hicho ndicho jicho hukitafuta. Kitambaa cha nje kiwe pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Satini ya polista hung'aa vizuri kwenye picha lakini haipitishi hewa, na alama ya jasho huonekana mgongoni. Ikiwa mteja ang'ang'ania mng'ao, mpe satini kwenye kola na ukanda pekee.

Ukinunua Biashara Street, omba kipande ukitazame nje juani na chini ya taa pia. Zambarau ndiyo inayodanganya kuliko zote, dukani ni zambarau, usiku yaonekana kahawia au buluu. Halafu ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, la sivyo itachujia kijani baada ya jasho la kwanza. Kwa anayebana matumizi, mapazia ya mitumba ya Kongowea yana upana wa kutosha na tayari yamemaliza kunywea.

Jambo la mwisho, na hili usilipuuze. Joho lisifungwe kwa kamba wala fundo shingoni. Tia vifungo vya kubana viwili, vinavyoachia vikivutwa. Mtu atapanda bodaboda akiwa amelivaa, pindo liingie kwenye gurudumu, na fundo halitamwachia. Mwambie mteja alikunje begani kabla hajapanda, na hata hivyo tia vifungo hivyo.

Swali: Nilitengeneza deraya ya kifua kwa sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi. Maungio yameachia, rangi imepasuka mabegani. (Kijana, Mikindani)

Jibu: Maungio kwanza. Gundi ya kutumia ni ile ya kopo wanayotumia mafundi viatu. Paruza sehemu za kuunganisha kwa msasa namba 120, paka gundi nyembamba pande zote mbili, kisha ngoja. Hapa ndipo wengi huharibu. Gundi ikibandikwa mbichi, kiyeyushi chake hunaswa ndani na kiungo hakishiki kamwe. Ngoja kama dakika 10, mpaka ukigusa haifuati kidole, ndipo ubane kwa nguvu. Siku za masika hewa ina maji mengi, ongeza muda. Ikishagusana haisogei tena, basi anza katikati ukielekea nchani. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wake huwaka.

Tazama pia ukataji wako. Wembe butu hurarua sponji, ukingo ukawa na meno, gundi ikakosa pa kushika. Badilisha wembe mapema kuliko unavyodhani. Unene wa milimita 10 ni wa kifua, 5 wa mikono, 2 wa mapambo.

Rangi hupasuka kwa sababu sponji hupinda nayo haipindi. Pitisha hewa moto juu ya sponji mpaka uso wake uliofifia uanze kung'aa kidogo, vitundu vimejifunga. Mashine ya kukausha nywele mara nyingi haifiki joto hilo, lakini mafundi wa stika za magari wanayo inayofika. Sponji ingali moto, ikunje juu ya sufuria iliyofudikizwa uishike hadi ipoe, nayo itabaki na umbo. Kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara nne, kila tabaka likauke. Juu yake tia rangi ya maji ya akriliki, nyembamba, mara kadhaa. Rangi ya mafuta hukauka ngumu na kupasuka. Mabega yakate vipande vya peke yake, uyaning'inize kwa lastiki ya sentimita 3, yasilazimike kupinda.

Na usiiache deraya ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi hulainika, na utaikuta imejikunja.

Swali: Rangi nyeupe ya uso huyeyuka kabla ya saa sita, na mwenzetu aliwashwa alipopaka rangi ya kuchorea. (Kikundi cha vijana, Nyali)

Jibu: Rangi ya kuchorea wala ya ukuta haipakwi usoni hata kidogo. Tafuteni ya uso, mjaribu tone ndani ya kiwiko siku moja kabla. Uso uoshwe ukaushwe, upakwe tabaka jembamba, upigwe poda nyingi kwa kigodoro kikavu, mngoje dakika tano, mpangushe poda iliyozidi, kisha tabaka la pili vivyo hivyo. Tabaka moja nene ndilo linaloteleza. Jasho lidonolewe kwa karatasi laini, lisifutwe. Rangi yenye mafuta hutoka kwa mafuta ya nazi kwanza, kisha sabuni. Na shati lenye kola livaliwe kabla ya kupaka.